Socrates, Mzee wa Kinaya

Mtu hukosa kivuko cha Likoni kwa dakika moja, akafika kazini amechelewa, akawaambia wenziwe kuwa hicho ni kinaya. Mwingine hukutana sokoni Kongowea na rafiki waliyepoteana naye miaka mingi, naye husema ni kinaya. Wa tatu hugombana na jirani yake, akamrushia maneno ya kumcheka na kumfedhehi, kisha hujisifu barazani kwamba leo kampa kinaya cha kutosha. Msomaji mpenzi, katika watu hawa watatu hakuna hata mmoja aliyelitia neno hilo mahali pake. Wa kwanza alipatwa na mkosi. Wa pili alikutana na sadfa. Wa tatu alitoa kejeli, na pengine matusi.

Sasa mtazame huyu wa nne. Aliogopa wezi wa nje, akatia makufuli matatu mlangoni, na kwa kuzidi kujilinda akamkabidhi bawabu wake funguo zote. Kumbe mwizi alikuwa ni bawabu huyo huyo. Hapo ndipo penye kinaya, kwa sababu jambo alilolifanya ili asalimike ndilo lililomwangamiza, na muda wote huo yeye alikuwa akilala usingizi wa raha. Kinaya hutaka mambo mawili yakae pamoja: la juu linaloonekana, na la chini lililositirika ambalo halipatani na lile la juu. Tena hutaka awepo mtu asiyeliona la chini, na awepo mwingine anayeliona.

Lugha nyingi za Ulaya zina neno lao la jambo hili, nalo limetoka katika Kiyunani, yaani Kigiriki cha kale, ambako lilitamkwa eironeia. Na neno hilo limefungamana na maisha ya mtu mmoja tu, mzee Socrates wa mji wa Athens, ambaye Waarabu humwita Sukrat. Mtu akitaka kujua kinaya ni nini hasa, na kwa nini watu hukikosea, basi na ayatazame maisha ya mzee huyu. Yeye mwenyewe kilimgharimu roho yake.

MWANA WA MKUNGA

Socrates alizaliwa Athens, nchini Ugiriki, mnamo mwaka 470 au 469 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Miaka itakayotajwa katika maisha yake yote ni ya kabla ya Nabii huyo, nayo huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Baba yake, Sophroniscus, alikuwa mchonga mawe, na mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Alipokuwa mtu mzima, Socrates alipenda kuifananisha kazi yake na ile ya mama yake. Alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe hazai elimu yoyote, bali huwasaidia wengine kujifungua fikira walizozibeba, kisha hutazama kama kilichozaliwa ni kitoto kizima au ni upepo mtupu.

Hakujaliwa uzuri wa sura. Pua yake ilikuwa bapa, macho yake yalitokeza, na mwili wake ulikuwa wa kutambarika. Alikuwa akienda miguu mitupu kiangazi na baridi, na vazi lake lilikuwa moja tu. Mkewe aliitwa Xanthippe, naye alipata watoto watatu wa kiume. Wakati huo mjini Athens walikuwapo walimu wengi waliotoza fedha nyingi kuwafundisha vijana wa matajiri ufundi wa kusema, lakini Socrates hakumtoza mtu hata senti moja.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mnyonge. Vitani Potidaea, mnamo mwaka 432, alimwokoa kijana Alcibiades aliyekuwa amejeruhiwa, na nishani ilipotolewa yeye ndiye aliyehimiza apewe kijana yule. Mwaka 424, jeshi la Athens liliposhindwa mahali paitwapo Delium na watu wakatimua mbio ovyo, yeye alirudi nyuma kwa hatua za taratibu, akitazama huku na huku, hata adui asithubutu kumsogelea.

Mambo yalibadilika siku rafiki yake Chaerephon alipokwenda Delphi. Huko Wagiriki wa zama hizo, waliokuwa wakiabudu masanamu, walikuwa na kahini wa kike waliyemwendea kumwuliza mambo ya ghaibu. Chaerephon aliuliza kama yuko mtu mwenye hekima kumpita Socrates. Akajibiwa kuwa hayuko. Socrates alipoletewa habari hizo alishangaa, kwani alijijua kwamba hana hekima kubwa wala ndogo. Akaazimia kumtafuta mwenye hekima zaidi yake, apate kulikanusha jibu lile kwa ushahidi.

Aliwaendea wakuu wa siasa, akawaendea washairi, akawaendea mafundi wa mikono. Kila mmoja alijua jambo moja, kwa hilo moja akajiona anajua yote. Mwishowe Socrates akaona kwamba amewazidi kwa kitu kidogo tu: wao hawajui nao hudhani wanajua, yeye hajui na anatambua kwamba hajui.

ALIVYOKUWA AKIULIZA

Socrates hakuandika kitabu hata kimoja. Tumemjua kwa kalamu za wengine, hasa wafuasi wake wawili, Plato na Xenophon. Katika masimulizi ya Plato kuna kisa cha mtu aitwaye Euthyphro, ambacho chatosha kutuonyesha kinaya cha Socrates kilivyokuwa.

Wawili hao walikutana mbele ya baraza la hukumu. Socrates alikuwa ameitwa kujibu mashtaka ya kukosa ucha Mungu kama walivyouelewa watu wa mji wake. Euthyphro naye alikuja kumshtaki baba yake mzazi kwa kosa la kuua. Socrates akastaajabu, akamwuliza kama ana hakika ya jambo zito kama hilo. Euthyphro akajibu kuwa hana shaka, kwani hakuna ajuaye mambo ya ucha Mungu kama yeye. Hapo Socrates akafurahi sana, akamwomba amkubali kuwa mwanafunzi wake, ili akifika mbele ya waamuzi aweze kuwaambia kwamba sasa amefundishwa na mjuzi. Kisha akamwomba jambo moja dogo tu, amweleze huo ucha Mungu ni nini. Euthyphro akaeleza mara ya kwanza, maelezo yakavunjika. Akaeleza mara ya pili na ya tatu, yote yakavunjika, mpaka wakajikuta pale pale walipoanzia. Mwishowe akakumbuka kuwa ana haraka, akaenda zake.

Hapakutoka tusi hata moja, wala Socrates hakumcheka mwenzake. Alimsifu, akajiweka chini yake, akamwachia nafasi ajionyeshe mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ya kinaya na kejeli. Mwenye kejeli hutaka anayesemwa aumie, kwa hiyo ni lazima aelewe kuwa anachekwa. Mwenye kinaya humwacha anayesemwa ayapokee maneno kama yalivyo, na maana ya pili humfikia yule mwenye kutega sikio. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataling'amua. Socrates aliigeuza methali hiyo juu chini: aliowafumba ni wale waliojiona werevu, na waliong'amua ni vijana wa mtaani waliosimama kando wakisikiliza.

Lakini liko jambo la ndani zaidi. Vitabu vingi vya shule husema kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Kama ndivyo, basi Socrates aliposema hajui, maana yake alijua, na alikuwa akijifanya tu. Wengi wa watu wa Athens walimfahamu hivyo. Hata hivyo maisha yake yote yashuhudia kwamba aliposema hajui alikuwa akisema kweli. Hakujua kwa ile hakika waliyoidai wenziwe. Maneno yake yalikuwa kweli kwa maana moja, na si kweli kwa maana nyingine, kwa kuwa alijua namna ya kuishi na namna ya kuuliza. Ugumu wa kinaya uko hapo, nao huwapita wengi.

NENO LILILOANZA KAMA TUSI

Katika zama za Socrates, kumwita mtu eiron hakukuwa sifa. Katika michezo ya kuigiza ya Wagiriki eiron alikuwa mtu mjanja, ajifanyaye duni ili awapumbaze wenziwe, na mwenzake alikuwa mjivuni ajifanyaye mkubwa kuliko alivyo. Plato asimulia jinsi mwalimu mmoja mwenye hasira, Thrasymachus, alivyomshutumu Socrates mbele za watu kwa kutumia eironeia yake ya siku zote. Hakukusudia kumsifu. Alikusudia kusema kwamba mzee huyu ni mdanganyifu anayekwepa kujibu.

Maana ya neno iligeuka pole pole baada ya Socrates kufariki. Aristotle alisema kwamba wanaojipunguza sifa, kama Socrates, wana adabu nzuri zaidi kuliko wanaojitapa. Baadaye Cicero wa Roma aliihesabu eironeia ya Socrates kuwa uzungumzaji wa kiungwana, na Quintilian, mwalimu mkubwa wa balagha wa Kirumi, akafika kusema kwamba maisha mazima ya mtu yanaweza kuwa kinaya, akamtolea mfano Socrates. Basi neno lililoanza kama tusi likasafishwa na maisha ya mtu mmoja.

Nasi tuna kisa chetu cha neno. Aliyepata kusoma balagha kwa masheikh anajua kwamba kinaya katika Kiarabu ni kulitaja jambo kwa alama yake: mtu husemwa ana majivu mengi, na makusudio ni kwamba ni karimu, kwa kuwa jiko lake halizimiki kwa wageni. Hapo hapana ukinyume wala mzaha. Kule kusema jambo na kukusudia kinyume chake, Waarabu hukuita tahakkum. Katika Kiswahili cha zamani, tena, mtu wa kinaya ni mtu aliyekinai, ajionaye ametosheka, asiyejali wenzake. Kisha walimu wa fasihi wakalichukua neno hilo hilo na kulibebesha maana ya eironeia. Neno moja likawa na mizigo mitatu, na si ajabu wasemaji wakayumba nalo. Ikumbukwe tu hiyo maana ya kukinai, maana tutaihitaji mbele ya waamuzi wa Athens.

MZAHA UKAWA KWELI, KWELI IKAWA MZAHA

Mwaka 423, mtunzi wa michezo Aristophanes alitoa mchezo uitwao Mawingu. Ndani yake Socrates anaonekana akining'inia kapuni angani, akifundisha vijana kwa ujira jinsi ya kuifanya hoja dhaifu ishinde yenye nguvu. Watu walicheka. Huyo wa mchezoni hakuwa Socrates waliyemjua sokoni, asiyetoza fedha. Lakini watoto walioshuhudia mchezo ule walikua, na picha ile ikakua pamoja nao.

Wakati huo huo, matendo yake ya kweli hayakusahauliwa na wakubwa. Mwaka 406, baada ya vita vya baharini vya Arginusae, watu walitaka majemadari wahukumiwe wote kwa pamoja, jambo lililokatazwa na sheria. Socrates, aliyekuwa zamu yake katika baraza, alikataa kuunga mkono, ijapokuwa umati ulipiga makelele. Mwaka 404, mji ulipotawaliwa na madhalimu thelathini, aliamriwa yeye na wenziwe wanne wakamkamate mtu mmoja aitwaye Leon, auawe. Wenziwe wanne walikwenda. Socrates akashika njia, akaenda nyumbani kwake.

Utawala wa wananchi uliporudi, watu wengi walikuwa na kinyongo, kwani Critias, kiongozi wa wale thelathini, na Alcibiades, aliyekuja kuisaliti Athens, wote wawili walipata kufuatana na Socrates. Mwaka 399 Meletus, Anytus na Lycon walimshtaki kwamba haheshimu miungu ya mji, analeta mipya, na anawaharibu vijana. Socrates alikuwa na umri wa miaka 70 hivi. Waamuzi walikuwa raia wapatao 500 waliochaguliwa kwa kupigiwa kura ya bahati.

Katika kujitetea alisema wazi kwamba washtaki wake wa kale na wa hatari zaidi ni wale waliomjua kwa mchezo wa kuigiza. Kisha akaeleza habari za Delphi, na kwamba hajui. Akaonya pia kwamba akieleza hivyo hawatamsadiki, watadhani anafanya eironeia. Na ndivyo ilivyokuwa. Mzaha wa mchezo waliushika kuwa ni kweli, na kweli yake wakaishika kuwa ni mzaha. Alipatikana na hatia, ingawa lau kura 30 tu zingaligeuka, angaliachiliwa.

Desturi ya mahakama ile ilikuwa mshtaki atake adhabu yake, na mshtakiwa naye apendekeze yake, kisha waamuzi wachague mojawapo. Meletus alitaka kifo. Wengi walitazamia mzee ataomba kuhamishwa mji. Badala yake akasema kwamba, akipima aliyoutendea mji, anastahili kulishwa bure maisha yake yote katika jumba la heshima, walipolishwa washindi wa mashindano ya Olympia. Mshindi wa mbio za farasi ana chakula kwake, yeye hana. Mwishowe alikubali kutoa faini ya mina moja ya fedha, na marafiki zake, Plato miongoni mwao, wakaipandisha hadi mina 30 kwa dhamana yao. Ikawa imechelewa. Alihukumiwa kufa.

Je, maneno yale ya jumba la heshima yalikuwa dhihaka? Kwa aliyemjua, yalikuwa hesabu ya haki, maana aliamini kweli kwamba ameutumikia mji. Kwa waamuzi yalikuwa kiburi. Hapa ndipo maana zile mbili za neno letu zinapokutana: yeye alikuwa na kinaya cha maneno, wao wakaona kinaya cha mtu aliyekinai. Kuzikosea maana hizo mbili si kosa la kamusi peke yake, maana siku ile palikuwa na roho ya mtu mizanini.

JAHAZI LA DELOS

Baada ya hukumu Socrates alikaa gerezani mwezi mzima hivi. Sababu ni kwamba Athens ilikuwa imepeleka jahazi la ibada katika kisiwa cha Delos, na sheria haikuruhusu mtu kuuawa mpaka lirudi. Pepo zikalichelewesha. Wengi leo wangesema kuchelewa kule ni kinaya. La hasha, hiyo ni bahati na pepo tu, na mabaharia wetu wanajua kwamba pepo hazina mzaha.

Kinaya kilikuwa ndani ya gereza. Rafiki yake mzee Crito alimjia alfajiri, akamwambia fedha ziko tayari na walinzi watafumba macho, atoroke. Socrates akakataa. Alisema ameishi miaka 70 chini ya sheria za Athens kwa hiari yake, na haifai azivunje siku zinapomwelemea. Tazama basi: mtu aliyehukumiwa kuwa anauharibu mji ndiye aliyekubali kufa kuliko kuivunja sheria ya mji huo, na waliodai kuilinda ndio walioitumia vibaya. Jioni jua lilipokuwa likitua, alipewa kikombe cha sumu ya mmea, akakinywa bila kutetemeka, huku mlinzi wa gereza na rafiki zake wakilia.

SUKRAT KWA WAISLAMU

Habari zake hazikufia Ugiriki. Vitabu vya Wayunani vilipofasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, Al-Kindi, katika karne ya 9 baada ya Nabii Isa, alikusanya habari za Sukrat. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi alimhesabu kuwa imamu wake katika falsafa. Hata huko watu walimkosea: walimpa jina la Sukrat wa mtungi, wakidhani ndiye aliyekaa ndani ya mtungi, ilhali kisa hicho ni cha Mgiriki mwingine, Diogenes. Al-Razi aliposhutumiwa kwamba anaishi na watu na kula vizuri, kinyume cha imamu wake aliyeipa dunia kisogo, alijibu kwamba Sukrat huyo huyo baadaye alioa, akazaa, akapigana vita na kuhudhuria karamu.

Basi, msomaji mpenzi, mbona watu hulikosea neno hili? Sababu ya kwanza ni kwamba lina harufu ya usomi, na kusema kinaya kwapendeza kuliko kusema mkosi. Ya pili ni kwamba limepita mikono mingi, ya Wayunani, Waarabu na walimu wa shule. Ya tatu ndiyo kubwa: kinaya mara nyingi huacha nyuma yake kicheko au uchungu, na watu huviona hivyo viwili wakadhani ndivyo vyenyewe. Lakini si kila kichekesho ni kinaya, wala si kila uchungu.

Ukitaka kupima, uliza mambo mawili. Je, kilichoonekana kilikuwa kikikanushwa na kilichofichika? Na je, yuko aliyekuwa na hakika, naye ndiye asiyeona? Ukipata ndiyo mara mbili, sema kinaya bila hofu. Usipopata, tumia mkosi, sadfa au kejeli. Maneno hayo nayo ni mazuri, na kila moja lina kazi yake.

Waliomwua Socrates walitaka anyamaze. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja, na mauti yake ndiyo yaliyomfanya Plato ashike kalamu, hata leo, baada ya miaka zaidi ya 2,400, maswali ya mzee yule yanasomwa duniani kote. Majina ya Meletus, Anytus na Lycon nayo yamebaki, lakini yamebaki kwa sababu yake.